Nyumba ya Vijiti ya Liao Shu-ning

Kwa niaba ya familia ya Liao, nawashukuru nyote mliofika hapa Puli asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 26 Aprili 2025. Mimi ninayesoma ni Shu-an, dada yake mkubwa, na naomba radhi mapema ikiwa sauti itanikatika, maana tarehe zote nimezihakiki mara mbili, lakini sauti sikuweza kuihakiki.

Marehemu Liao Shu-ning alizaliwa tarehe 3 Machi 2003 hapa hapa Puli, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Liao Chin-fa na Bibi Tu Mei-chu, wauza tambi wa karibu na soko la asubuhi. Ametutoka akiwa na miaka ishirini na miwili, ingawa bibi yetu, kwa hesabu ya kale ambayo mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, anahesabu ishirini na mitatu, na tumekubaliana niitaje yote.

Alianza shule ya msingi Septemba 2009, akamaliza sekondari Juni 2021, na Septemba mwaka huo akajiunga na chuo kikuu mjini Taichung kusomea uhandisi wa majengo, ambako hadi mauti yanamkuta alikuwa mwaka wa nne.

Kuhusu kazi, alikuwa akiuza chai ya maziwa jioni baada ya vipindi, lakini kazi aliyoipenda ni mashindano ya wanafunzi ya kila Aprili, ambapo kila timu hujenga nyumba ndogo ya vijiti vya mbao, karatasi na gundi, ikabebeshwa vyuma kila ghorofa, ikafungwa juu ya meza inayotikisika kama tetemeko, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu zaidi na zaidi, hadi ibaki moja. Mwaka 2023 nyumba ya timu yake ilianguka ya kwanza kabisa, wenzake wakatoka nje kulia, yeye akapiga magoti akitafuta katika vifusi kijiti kilichotangulia kuvunjika, na alipokipata ndipo naye akalia. Kwa kuwa nyumba ikizidi uzito hukatwa alama, alipima kila kijiti na kukipiga msasa, hadi mwenzake Fan Po-kai akambandika jina la Bibi Mizani, akimwambia, "Wewe hata pua yako ikizidi gramu moja utaipiga msasa," naye akamjibu, "Yako ndiyo ningeanza nayo."

Marehemu hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, na jambo hili nalitaja kwa sababu wazee waliopo wanajua kwamba binti asiyeolewa hawekwi kwenye meza ya kuabudia mababu nyumbani kwao, roho yake ikabaki bila makao, na hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akalazwa Taichung, na akiwa kitandani aliendelea kuijenga nyumba ya mwaka huu, wenzake wakimletea vijiti na kuondoka na vilivyokwisha kuunganishwa, akaimaliza mwishoni mwa Machi, na tarehe 11 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia, siku nane kabla ya mashindano.

Timu ilipokuja kutupa pole na kutuonyesha nyumba aliyoijenga, mama aliikumbatia nyumba ile akakataa kuitoa, akasema hatanunua nyumba ya karatasi, ile ambayo kwetu huchomwa ili imfuate marehemu aendako, kwa kuwa marehemu ameshajijengea yake, na ndiyo atakayokwenda kukaa. "Mnataka kuvunja nyumba ya mtu, na mwenyewe hata hajahamia?" aliwauliza. Po-kai akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, Shu-ning hawezi kulala kwenye nyumba ambayo haijatikiswa, unamjua." Baba akasema, "Mama Shu-an, mwache mtoto amalize mtihani wake." Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba naye awepo, na akisema basi, iwe basi, maana kanuni inaruhusu timu kunyosha mkono na kuondoa nyumba yake kabla ya mtikiso unaofuata.

Jumamosi iliyopita, tarehe 19, mama alikaa mstari wa mbele na begi alilokuja nalo la kurudishia nyumba. Zilipobaki nyumba mbili, ya kwetu ikiwa wima bila ufa, na mtikiso mmoja wa mwisho, Po-kai aligeuka akamtazama. Mama akamuuliza, "Yeye angenyosha mkono?" Akajibu, "Asingenyosha, Mama." Mama akasema, "Basi mbona unanitazama mimi? Endeleeni."

Ilianguka. Tulikuwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti ni mama, akauliza, "Kipi kilitangulia?"

Ilikuwa nguzo ya pembeni ya ghorofa ya pili, iliyopigwa msasa kupita kiasi ili uzito utoshe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliovumilia harufu ya gundi wodini, majirani wa soko la asubuhi waliotufungulia kibanda chetu cha tambi siku zote hizi, walimu wake, wenzake wa duka la chai, na timu ya mwaka huu, ambayo tangu Jumapili imekuwa ikishinda nyumbani kwetu ikiunganisha upya kila kijiti, huku mama akiwapikia tambi na kuwagombeza wasiidondoshee mchuzi.

Nyumba iko pale mbele, nanyi mtaiona kabla haijachomwa. Shu-ning, ile nguzo tumeiweka nene mara mbili, gundi imekauka, na safari hii hakuna anayepima uzito. Ingia, mdogo wangu, upumzike.