Bi Azza na Mikono ya Asmahani

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Bi Azza Mazin wa kitengo chetu cha afya ya akili hapa Makorora anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Tumembembeleza aongeze hata mwezi. Amekataa, tena kwa kicheko.

Alianza kazi Mwera, Pangani, akiwa binti mwembamba (hilo analidai mwenyewe, sisi hatuna ushahidi). Kwa shikamoo na chai ya tangawizi aliwalainisha hata wazee walioapa kwamba maradhi ya akili ni ya mganga tu. Hapa kwetu ukiruka dawa, anakufuata nyumbani, anakaa jamvini na haondoki mpaka umemeza. Ukimpikia, haondoki kabisa.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa jambo la Asmahani, fundi wa hina, ambaye ametupa ruhusa tulisimulie. Dawa ya lithiamu ilimtuliza akili baada ya miaka ya misukosuko. Kumbe huku ngozi inaharibika: soriasisi yake, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba, iliyokuwa kiwikoni tu, ikashuka mpaka vidoleni. Hauambukizi, lakini nani atamweleza mama wa bibi harusi? Wateja wakamkimbia. Asmahani akaapa kuiacha dawa, na sote tulijua akiiacha atarudi kule alikotoka.

Bi Azza, kwa kujiamini kwake kote, akailaumu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, na kumpiga marufuku kuishika. Mwezi ukapita, mabaka yakazidi, Bi Azza akanuna kama aliyeuziwa samaki aliyevunda. Ndipo akauliza mambo yalianza lini. Asmahani hashiki tarehe, ila maharusi wote aliowapamba anawajua kwa mpangilio. Wakaanza kuwataja: wa Ushongo, mikono safi, wa Chumbageni, safi, hapo dawa ikaanza, wa Pangani, mabaka. Bi Azza akamwomba radhi mbele yetu sote. Hilo hatukuwahi kuliona.

Siku hiyo hiyo akampeleka kwa Daktari Tadeo, bingwa wetu wa magonjwa ya akili. Daktari akathibitisha kwamba lithiamu huweza kuichochea soriasisi, akambadilishia dawa taratibu huku akimwangalia kwa karibu. Kuna siku Asmahani alikosa usingizi, nasi tukaogopa kweli. Bi Azza alishinda naye. Ilichukua miezi, lakini ngozi ilitulia, akili haikuyumba, na mabibi harusi wamerudi.

Juzi Asmahani alikuja kuchukua dawa, akauliza ni nani atakayemgombeza sasa. Bi Azza alimshika mikono yote miwili, hakuiachia mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Ahsante sana, Bi Azza. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, ule, ulale, uwadekeze wajukuu. Foleni tutaituliza sisi.

Uweso, dirisha la dawa