Kamba ya Karolina

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya bajaji hapa Bagamoyo, kwenye ukuta wa duka la Waziri, na benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali. Mimi ndiye mwenye jiko, birika na sinia la kashata. Naitwa Mama Nasrin, na kama una haraka usiketi hapa, maana wanaume hawa wakilishika jambo hawaliachi mpaka waliue. Jumamosi hiyo, baada ya swala ya alasiri, walikuwa Marekani. Hakuna aliyewahi kufika, ila walikuwa wanaijua chumba kwa chumba.

Aliyewapeleka ni Profesa. Jina lake hasa ni Pazi, anatembeza wageni kwenye magofu ya mji, na ana kipaji cha kumliza mgeni kabla ya saa nne asubuhi. Kesho yake alikuwa anapokea Wamarekani weusi kumi na wawili, basi alikuwa ameazima kijitabu cha utumwa wa kwao asije akaumbuka. Kulia kwake Waziri, yaani Mahfoudh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Babu yake alitoka Maskati, na utumwa wa pwani hii ukitajwa tu Waziri hukumbuka kwamba hajafunga stoo. Utumwa wa Marekani anaukalia mpaka kahawa inapoa. Kushoto alikuwa Muhidini wa bajaji, tunayemwita Chaji kwa sababu simu yake inaishi kwenye umeme wa watu.

PROFESA: Kosa lenu mnadhani mtumwa wa Marekani alikuwa wa aina moja. Hapana! Enzi zile Mwingereza anatawala, kila kanda ilikuwa na mateso yake.

CHAJI: Kama ligi na madaraja yake.

PROFESA: Kaskazini, Boston huko, unakuta mtumwa mmoja au wawili ndani ya nyumba ya bwana. Anapika, anafua, anahudumia farasi. Mwingine anapelekwa bandarini kupakia meli. Usiku analala darini.

WAZIRI: Darini? Na joto lile?

PROFESA: Joto gani, Waziri? Barafu mpaka dirishani!

WAZIRI: Lakini yuko ndani. Mimi mngenipeleka huko huko. Kivuli, chakula cha jikoni, na bwana angeniona najua kupanga bidhaa, angenipa duka nimshikie.

MIMI: Huko darini ungeongea na nani, Waziri?

WAZIRI: Na paka.

PROFESA: Mama Nasrin kagusa penyewe. Upweke! Hana wa kuongea naye lugha ya kwao. Akizaa, bwana anamwona mtoto mzigo, anamgawa kama paka. Boston naipa nyota tatu.

CHAJI: Nyota za nini tena?

PROFESA: Wageni wanaelewa nyota. Hoteli zote zina nyota.

Nilikuwa na koleo la makaa mkononi, na Mungu ananiona, nilicheka na mimi.

PROFESA: Shuka chini sasa, Virginia na Maryland. Tumbaku! Jua likichomoza wako shambani, likizama bado wako shambani, kundi zima kwenye mstari, nyapara nyuma yao. Jani likiingiwa na viwavi, wanavitoa kwa vidole, kimoja kimoja.

CHAJI: Duh, hapo noma. Nyota moja.

WAZIRI: Nusu. Na ndiyo maana Wamarekani wanaogopa wadudu. Yule aliyelala gesti mwezi uliopita alipuliza dawa mpaka popo wa mtaa mzima wakahama. Hofu ya viwavi ile, wanarithishana.

PROFESA: Kijitabu hakisemi hivyo.

WAZIRI: Kijitabu hakijalala gesti.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja na kiroba begani, kanga imejaa vumbi jekundu la barabara ya Kiwangwa. Akasalimia shikamooni, wakaitikia marahaba bila kugeuka. Akasema anaitwa Mize na anamtafuta Bwana Pazi.

CHAJI: Huyo hapo, mama. Ila subiri, bado anafundisha.

Profesa akampungia mkono akae. Mama akakaa mwisho wa benchi na kiroba chake mapajani. Nikammiminia kikombe, akakishika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vimechanwachanwa na majani ya mananasi. Nikamwona Profesa anaviona, kisha akafungua ukurasa mwingine.

PROFESA: Sasa njooni Karolina ya Kusini. Mpunga! Maji magotini, mbu, homa. Mabwana wenyewe msimu wa homa ukiingia wanakimbilia mjini, wanawaacha watu shambani.

CHAJI: Bosi hayupo! Mchongo huo, mwanangu!

PROFESA: Na wenye ujuzi ni watumwa. Wengi walitoka kule kwenye mpunga, Afrika Magharibi, wanajua kuyafunga maji na kuyafungulia.

WAZIRI: Kama wakulima wetu wa Ruvu.

CHAJI: Sikia, mimi nimeshagundua. Kunyanyua mguu kwenye tope, kunyanyua, kunyanyua, miaka mia! Unadhani kule kuruka kwenye mpira wa kikapu kumetoka wapi? Wachezaji wote warefu babu zao ni wa mpunga.

WAZIRI: Basi Ruvu tungekuwa na timu ya dunia.

CHAJI: Ruvu hawajapata kocha tu.

PROFESA: Nyamazeni, utamu wake ni huu. Karolina mtu hakupangiwa saa, alipangiwa ngwe.

Ngwe tunaijua wote: kipande cha shamba kinachopimwa kwa kamba. Ukikimaliza, umemaliza kazi ya siku.

PROFESA: Robo ekari, basi! Ukiimaliza saa saba, siku iliyobaki ni yako. Unalima bustani yako, unafuga kuku wako, unaongea lugha yako. Jamani, huo ni utu! Karolina naipa nyota tano.

WAZIRI: Tano? Na homa ile?

PROFESA: Tano! Na kesho nawafanyia wageni jambo hawatalisahau. Baada ya magofu nawapakia kwenye basi mpaka shambani kwangu Kiwangwa, waone ngwe kwa macho yao. Vibarua wangu wanapalilia mananasi kwa ngwe, mambo yale yale ya Karolina. Kule watalia, wallahi, mpaka waombe maji.

CHAJI: Profesa, wewe ni hatari.

Mama Mize akaweka kikombe chini taratibu.

MIZE: Samahani, baba. Huko Karolina, kamba ya kupimia alikuwa anashika nani?

Profesa akafunua kijitabu mbele, akafunua nyuma.

PROFESA: Kamba?

MIZE: Ndiyo, ya kupimia ngwe.

CHAJI: Si serikali hiyo? Watu wa vipimo.

WAZIRI: Walikuwa wanashika kwa zamu, nadhani. Huku mmoja, huku mwingine.

PROFESA: Hilo halijaandikwa. Kwani kamba ina nini?

MIZE: Kwetu anashika nyapara wako, baba. Mimi ni kibarua wako. Huu mwaka wa nne.

Mama akafungua kiroba, akatoa kamba mbili. Moja ya katani, imechakaa na kupauka. Nyingine ya nailoni, buluu, bado inang'aa. Akazifunga zote mbili kwenye tofali la benchi, chini ya miguu ya Profesa, akaivuta ya katani. Ilifika kwenye jiko langu, ikaishia hapo. Akaivuta ya buluu. Ikapita jiko, ikapita sinia la kashata, ikavuka mtaro, ikaenda kugusa tairi la bajaji ya Chaji.

MIZE: Hii ya jikoni ni ya mwaka jana, na ile ni ya mwaka huu, zote nimezitoa stoo ya shamba. Ngwe jina lake limebaki lile lile. Mwaka jana adhuhuri nimemaliza, nakwenda kwenye mihogo yangu. Mwaka huu natoka jua limelala. Mihogo yangu nguruwe wameimaliza, sina hata wa kuchemsha. Kazi sijaikataa. Nimekuja kuiomba kamba yangu ile, na roho inaniuma kuja kuiomba.

PROFESA: Mama yangu, mimi hili silijui. Msimamizi hajaniambia. Mimi niko mjini na wageni, kule shamba wanafanya wenyewe.

Mambo yangeishia hapo labda tungemwamini. Mimi nilikuwa nimeanza. Lakini Waziri alikuwa ameinama, ameushika mwisho wa ile kamba ya buluu, anautazama ulivyochomwa moto ili usifumuke.

WAZIRI: Pazi, hii si niliikata mimi? Ulisema ya kufungia mbuzi. Nikakupimia, ukaniambia, "Ongeza, ongeza kidogo." Hata nikakutania, huyo mbuzi anachungwa Zanzibar?

Profesa akatazama kijitabu chake. Chaji, ambaye ana la kusema hata msibani, akajifanya anatafuta waya wa simu. Na mimi nikakumbuka kile kicheko changu cha nyota tatu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

MIZE: Nauliza tu, baba. Kesho wageni wakija kuona ngwe, niwaonyeshe ipi?

Nilimsubiri Profesa ajibu. Mtu anayewaeleza Wazungu, Wachina na wanafunzi wa sekondari, mtu anayeijua Karolina mpaka mbu wake. Akafunua kijitabu tena. Mama Mize akasubiri kwa adabu kabisa, mikono imekunjwa, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati.

Kisha mama akainama, akazifungua kamba zote mbili kwenye tofali, akazikunja vizuri, akazirudisha kwenye kiroba.

MIZE: Basi nitazitandika zote mbili pale njiani, basi linaposimama. Nimesikia hapa mnagawa nyota. Hizi wageni watazipa wenyewe. Ahsante kwa kahawa, mama.

Akajitwika kiroba, akashika njia ya stendi. Chaji akainuka bila kuitwa, akawasha bajaji, akamfuata kumsogeza.

Profesa akanyoosha kikombe chake kwangu, hakuniangalia usoni. Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa juu ya makaa, linatoa mvuke, na mvuke ulikuwa unampiga yeye usoni. Hakubisha.