Finjani ya Tatu ya Shangazi Mevlida

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi katika mahakama yetu, Bi Mevlida Salkanović anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni Msaidizi Mwandamizi, Kitengo cha Mashahidi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kuanzia majaji mpaka walinzi wa mlangoni, wote tunamwita Shangazi Mevlida, na yeye anatuita sote "mwanangu", hata wale waliomzidi umri.

Alianza kwa kufanya usafi. Chumba cha mashahidi wakati ule kilikuwa stoo yenye benchi moja. Watu waliokuja kueleza yaliyowakuta vitani walikaa pale wamevaa makoti yao, kama wanaosubiri treni. Shangazi akaleta kutoka nyumbani birika lake la shaba, jiko dogo la umeme, na kapu la soksi nene za sufu alizofuma mwenyewe, maana kwetu mgeni hakai ndani na viatu. Mkuu wa mahakama wa wakati huo akamwita, akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa. "Hakuna, mheshimiwa," akajibu. "Wewe unakunywa na sukari au bila?" Mwezi uliofuata akahamishiwa kitengo chetu.

Wengi mtakumbuka yule mzee wa kutoka milimani aliyestarehe mpaka akajisahau, akaingia kutoa ushahidi na soksi za Shangazi, nyekundu zenye maua. Wakili wa utetezi akasimama, akasema huko ni kuidharau mahakama. Jaji akamtazama mzee miguuni, akasema, "Pingamizi limekataliwa. Mimi mwenyewe huku chini naganda." Na mtakumbuka ugomvi wake na madirisha, maana kwetu upepo unaopita kati ya dirisha na mlango huaminiwa kuua. Ukifungua dirisha huku mlango uko wazi, utamsikia kutoka ghorofa ya pili: "Funga hilo! Vita vimeshindwa kutuua, sasa unataka tuuawe na upepo?"

Mimi nilipoajiriwa, binti yangu alikuwa hajatimiza mwaka, na kulala alikuwa hajui. Kuna asubuhi nilikuja naye kazini kwa sababu sikuwa na pa kumwacha, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Shangazi alimtwaa, akamtupia begani, akaendelea kukoroga kahawa kwa mkono mmoja. "Nenda kaandike hati zako za wito," akaniambia. "Huyu na mimi tuna kesi yetu."

Lakini jambo ambalo kitengo hiki kitamkumbuka kwalo zaidi lilianza na kosa, na kosa lenyewe halikuwa lake.

Sote tumelelewa na finjani tatu. Ya kwanza ni ya kumkaribisha mgeni, ya pili ni ya mazungumzo, ya tatu ni ya kumwambia, bila kumwambia, kwamba sasa anaweza kwenda zake. Shangazi alikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: shahidi hapewi ya tatu. Akae kutwa nzima, kila anayojaziwa inahesabiwa kuwa ya pili. "Hawa walishafukuzwa makwao," alisema. "Hapa hafukuzwi mtu."

Asubuhi ya kesi ya kuchomwa kwa nyumba za kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto, Shangazi alimpa shahidi finjani ya kwanza, kisha akaitwa ghorofani. Shahidi alikuwa Bi Stojanka Vukadin, mtu pekee aliyebaki hai miongoni mwa waliomwona mshtakiwa akiwasha moto. Mwendesha mashtaka wetu, Vinko Barbarić, aliingia kumsalimia. Kwa wema wake akaona finjani tupu, akaijaza. Ilipokuwa tupu tena, akaijaza tena. Bi Stojanka akaitazama ile ya tatu. Akavua soksi, akavaa viatu vyake. "Nimeelewa, mwanangu," akasema. "Asanteni kwa kahawa." Akatoka.

Shangazi aliposhuka alimkuta Vinko amesimama na birika mkononi.

"Umemjazia ngapi?"

"Mbili tu. Na ile yako. Alionekana ana kiu."

"Mama yako hakukulea wewe?"

"Alinilea. Ila kahawa alimimina yeye."

Shangazi alikimbia mpaka kituo cha basi akiwa na ndala zake za ndani, nami nyuma nimemshikia viatu. Bi Stojanka alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Rudi, dada," Shangazi akamwambia.

"Mmenipa ya tatu."

"Kakupa mjinga mmoja. Mimi sijakupa."

 Bi Stojanka akasema lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu nyumbani, kahawa au bila kahawa. "Yule alichoma nyumba. Nilimwona, na ni haki afungwe. Lakini alikuwa na miaka ishirini. Mwanangu Nenad alikuwa na kumi na tisa, walichukuliwa na lori moja la jeshi. Huyo akarudi mchomaji, wangu hakurudi. Aliyekuwa akituambia kwenye runinga kila jioni kwamba vita lazima viwe, yuko wapi? Anamwagilia waridi zake. Huyo mmemwita?"

"Hatujamwita."

"Mtamwita?"

Basi lilikuwa limeshafika. Kesi nzima ilikuwa imesimama juu ya jibu hilo, na nakiri mimi ningesema ndiyo, tutamwita, turudi mahakamani. Shangazi hakusema hivyo.

"Sijui, dada. Mahakama yetu inamhukumu aliyechoma. Aliyeanzisha vita haina uwezo naye. Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya, na wewe umeshadanganywa vya kutosha. Lakini maadamu niko pale, njoo uniulize kila mwaka. Na leo, ukimaliza kujibu maswali yao, uliza lako."

Dereva akatoa kichwa. "Mama, unapanda au unapiga soga?"

"Napiga soga," akajibu Bi Stojanka, akasimama, akamshika Shangazi mkono. "Hebu vaa viatu kwanza, unatutia aibu."

Mahakamani Bi Stojanka alijibu kila swali kwa utulivu. Alipoambiwa anaweza kushuka, hakushuka. "Nimejibu yenu," akasema. "Huyu anajibu kwa moto aliouwasha. Wa kujibu kwa vita ni nani?" Wakili wa utetezi akainuka. Jaji akamwambia shahidi kwa upole kwamba mbele ya mahakama ile hakuna shtaka kama hilo. "Basi andikeni kwamba hakuna," akasema. Jaji akamwashiria karani aandike. Mshtakiwa, ambaye tangu kesi ianze alikuwa akitazama viatu vyake, aliinua kichwa akamtazama yule mama. Alipatikana na hatia, na kwa haki.

Tangu hapo Bi Stojanka huja kila Oktoba na chupa ya jamu ya plamu. Anavaa soksi, anakaa.

"Ameitwa?"

"Bado."

Finjani ya kwanza. Finjani ya pili. Mwaka wa kwanza, akiaga, aligonga meza kwa kidole. "Ya tatu niwekee," akasema. "Nitainywa siku wakimwita. Hiyo nikishainywa, nitakwenda nyumbani kwangu nitulie, wala hamtaniona tena."

Vinko na Shangazi walibishana juu ya jambo hili kantini kwa miaka, mpaka supu zikapoa. Vinko si mtu wa kupuuzwa, na hoja zake hazikuwa za mzaha. "Shangazi, wakubwa wakijua jela inawangoja, hakuna atakayetia saini amani. Watapigana mpaka mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho hatakuwa mmoja wao." Neno hilo lilinikaa. Nina mtoto mdogo, na amani naitaka leo, hata kama kalamu imeshikwa na shetani. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Vinko.

"Wewe unafikiria siku ya kutia saini," Shangazi alimjibu. "Mimi nafikiria asubuhi ya kuanza. Asubuhi ile hapakuwa na mkubwa hata mmoja aliyeogopa kitu. Mwizi wa kuku alikuwa na hofu kuliko wao. Nataka siku moja mmoja wao akae na ile karatasi ya kuanzisha vita mbele yake, aiweke kalamu chini, aseme: ngoja kwanza."

"Na atakayewahukumu ni nani? Aliyeshinda. Kizimbani atakaa aliyeshindwa peke yake."

"Basi wakae wote. Na wa kwetu awe wa kwanza."

 Katika mji wetu, ambako kila upande wa vita una mashujaa wake, mtu hasemi "wa kwetu awe wa kwanza" kisha akaendelea na supu yake. Yeye aliendelea. Kwa wiki kadhaa kuna wenzetu, tena watu wazima, waliompita koridoni bila salamu. Kaka yake mwenyewe alifia vita hivyo, na kuna aliyethubutu kumwambia kwamba anamsaliti. Aliwapikia kahawa hivyo hivyo, akawauliza hali za watoto wao kwa majina. Hapo ndipo nilipohama upande. La kumjibu Vinko sijalipata mpaka leo. Ila nilitaka binti yangu akue kwenye nchi ambayo mtu anaweza kusema lile neno, akamaliza supu yake.

Vinko naye hajakubali. Lakini siku hizi anahesabu finjani.

Shangazi anakwenda kwa wajukuu zake, kwa bustani yake ya nyanya, na kwa goti lake ambalo limesubiri daktari muda mrefu. Anakwenda bila kuwa ameimimina ile finjani ya tatu. Najua linamuuma, maana juzi, akinikabidhi birika, aliliongelea hilo tu. "Akija akikuuliza," alisema, "usimwambie hivi karibuni. Usimwambie tunalifanyia kazi. Mwambie bado, kisha ukae naye. Kukaa ndiyo kazi yenyewe, mwanangu." Oktoba Bi Stojanka atakuja. Nitamwambia bado, na nitakaa.

Shangazi, kwa niaba ya kitengo na ya mashahidi wote uliowapasha miguu moto, ahsante. Tunakutakia maisha mema, afya, na madirisha yaliyofungwa vizuri. Ijumaa tunakutana chumba cha mashahidi, na safari hii kahawa tunamimina sisi. Utapata ya kwanza, utapata ya pili. Ya tatu usiingoje. Wewe hatukufukuzi, na ile moja iliyopo ina mwenyewe.