Rahabu Mbwambo na Skuta Iliyonuka Nyonyo

Wasikilizaji wapendwa, kama mna kazi mkononi, endeleeni nayo. Anayekumbukwa leo asingependa mtu aache kazi kwa ajili yake. Jina lake ni Rahabu Mbwambo, mwalimu, wa Gonja, wilaya ya Same. Aliaga dunia Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na mmoja, akazikwa Ijumaa nyumbani kwake. Kwa miaka kumi na miwili mwalimu huyu alipanda na kushuka milima ya Upare kwa skuta, ile pikipiki fupi yenye sakafu ya kuwekea miguu. Ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe, nje ya jiko lake, juu ya mkeka.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Binti yake, Eliaichi, anasema hivi: "Mama akikusifia, unamuuliza kama anaumwa."

Mwaka wa Uhuru Rahabu alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuo cha ualimu. Siku moja wanafunzi waliambiwa kwamba mchana wasichana watashona na wavulana watajifunza kufungua na kufunga baiskeli. Rahabu akaenda kusimama upande wa baiskeli. Mkufunzi akamwambia amekosea mstari. Akajibu, "Sijakosea, Mwalimu. Kushona najua tayari." Basi akabaki hapo.

Aliolewa na Zebedayo, karani wa shamba la mkonge huko tambarare, mtu mpole aliyekuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyumbani Rahabu aliishi na mama mkwe wake, Bibi Lukia, na wifi yake, Dorkas. Ukarimu wa nyumba ile ulikuwa wa Bibi Lukia. Ukali ulikuwa wa Rahabu. Walielewana vizuri sana, kila mmoja kwenye zamu yake.

Ikaja miaka ya kisomo. Mnakumbuka, wasikilizaji wapendwa. Watu wazima wenye wajukuu walikaa kwenye madawati ya kanisa na kushika kalamu kama mtu anayeshika kifaranga, wakiogopa kuivunja. Rahabu alipewa kazi ya kusimamia madarasa saba. Matatu yalikuwa chini karibu na barabara. Manne yalikuwa juu mlimani, huko ambako basi halikufika. Kwa ajili ya hayo manne, ofisi iliyomwajiri ilimpa skuta.

Fundi Iddi wa Same mjini, aliyezoea injini za mashamba ya mkonge, alimfundisha kwa siku mbili. Alimwambia, "Mama, mashine haina uchawi. Ina mambo matatu tu. Moto, mafuta na pumzi. Ikizima, usiipige teke wala usiiombee. Iulize hayo matatu, moja baada ya jingine." Rahabu akayaandika kwenye jalada la daftari lake. Moto, mafuta, pumzi.

Sasa, injini ile ilikuwa ya aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Bila oili, vyuma vinasagana na kufa. Na mwanzoni mwa mwaka sabini na tano oili iliadimika. Rahabu alikwenda dukani Maore, hakuna. Akatuma mtu Same, hakuna. Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akavua viatu. Kwa Rahabu, kukaa chini bila kazi ilikuwa sawa na mtu mwingine kulia.

Bibi Lukia aliingia ndani akatoka na chupa. Yalikuwa mafuta ya nyonyo. Kila mwaka aliyakamua mwenyewe: akizikaanga mbegu kwenye karai la chuma, akizitwanga, akizichemsha, akiengua mafuta taratibu kwa kijiko cha kibuyu. Yalikuwa ya kupaka watoto wachanga wa ukoo mzima.

"Mama Eliaichi," akasema, "haya yalilainisha mpaka kitasa cha kanisa. Jaribu."

Rahabu akajaribu. Na skuta ikaenda. Asubuhi za baridi mafuta yalijitenga na petroli, kwa hiyo aliinamisha skuta huku na huku kabla ya kuiwasha, kama mtu anayebembeleza mtoto. Lakini ikaenda. Miezi miwili ilipanda mlima ikinuka nyonyo, na Bibi Lukia alisimama uani kuisikiliza mpaka sauti ipotee. Dorkas anasema mama yake alitembea kifua mbele wakati ule. "Alikuwa anawaambia watu kanisani, mkiona mwalimu amefika kwenu, jueni ni mafuta yangu."

Kisha skuta ikaishiwa nguvu. Ilikuwa Jumatatu, kwenye kona ya tatu ya kupanda. Injini iliwaka, lakini ilikoroma tu, haikuvuta. Rahabu aliigeuza, akaiteremsha kwa mguu mpaka nyumbani. Kesho yake dereva wa basi alimletea ujumbe wa ofisi. Bwana Novatus, mkaguzi wa vifaa, atapita Ijumaa na lori. Chombo kisichotembea kipakiwe, apewe mtu mwingine mjini.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani wa kisomo. Bila skuta, madarasa manne ya mlimani yasingepata karatasi wala msimamizi. Watu zaidi ya mia walikuwa wamejifunza kuandika majina yao kwa miaka mitatu, na hakuna ambaye angekuja kuyasoma. Hilo ndilo lililokuwa juu ya mkeka siku zile tatu, wasikilizaji wapendwa. Chuma kilikuwa kisingizio tu.

Jumanne aliuliza moto. Alifungua plagi, akaikwangua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Moto upo. Akairudisha. Injini ikakoroma vilevile.

Jumatano aliuliza mafuta. Akafungua bomba la petroli, likamwaga vizuri. Akafungua kabureta, akasafisha kila kitundu kwa unyoya wa kuku, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Ni safi. Injini ikakoroma vilevile.

Alhamisi asubuhi aliuliza pumzi. Akatoa chujio la hewa, akalifua kwa petroli, akalikung'uta, akalikausha. Akapiga kiki. Ikawaka. Ikakoroma. Ikazima.

Siku zote hizo tatu Bibi Lukia hakusogea karibu. Alikaa mlangoni pa jiko na ungo wa maharage, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Chakula alikidonoa tu. Rahabu alidhani mama mkwe amechoshwa na uchafu uani kwake.

Mchana ule Rahabu aliinama nyuma ya skuta kufuta mikono. Pua yake ikawa karibu na ekzosi. Akanusa. Akaingiza kidole kwenye tundu la kutolea moshi, nacho hakikuingia hata nusu. Kilitoka na utando mweusi, mnene, unaonata. Hapo akaelewa. Pumzi ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Yeye alikuwa ameuliza mmoja tu. Mafuta ya nyonyo yalikuwa yameungua humo miezi miwili na kuganda.

Alipoinua uso, Bibi Lukia alikuwa anamtazama.

"Ni mafuta yangu?" akauliza.

Wote waliomfahamu Rahabu wanasema hakuwahi kumdanganya mtu, hata mgonjwa. Siku ile alidanganya.

"Hapana, Mama. Ni barabara. Ni mavumbi."

Bibi Lukia akaweka ungo chini. "Mavumbi hayanuki nyonyo, mwanangu. Tangu Jumatatu nanusa. Harufu ya karai langu likiungua naijua. Niliogopa kusema. Nilisema moyoni, nimemharibia mtoto wa watu kazi."

Rahabu akafuta kidole chake kwenye mkeka. Dorkas alikuwepo, akikamua mbuzi, na ndiye anayetusimulia haya.

Kisha Rahabu akauliza swali ambalo angeweza kuuliza siku tatu nyuma. "Mama, karai lako likiganda hivi, unalifanyaje?"

"Silikwangui. Ukikwangua unalitoboa. Nalifunika juu ya moto mkali, tupu, mpaka lile ganda liwake lenyewe. Likiacha kutoa moshi, nalitoa, nalipoza, naligonga kwa mti. Linaanguka lote."

"Muda gani?"

"Mpaka liache kutoa moshi. Mwalimu mzima anauliza saa."

Wakaifungua ekzosi, boliti mbili. Bibi Lukia akapanga mafiga matatu nje, mbali na petroli. Hilo alilisema yeye, Rahabu alikuwa amesahau. Akachagua kuni mwenyewe, akizikataa alizoleta Dorkas. Ekzosi ikalazwa motoni. Ikatoa moshi mweusi, halafu wa njano, halafu mweupe, halafu ikanyamaza. Ilipopoa, Bibi Lukia aliichukua magotini, akaigonga kwa mwiko wa ugali, polepole, akiizungusha. Maganda meusi yakamwagika kwenye kanga yake, lundo la viganja viwili.

Wakaifunga. Rahabu akapiga kiki mara moja. Skuta ikalia mpaka mbuzi akapiga teke ndoo ya maziwa.

Ijumaa saa nne lori lilifika. Bwana Novatus akashuka na faili lake, akamkuta Dorkas uani.

"Iko wapi hiyo maiti?"

"Imepanda mlimani tangu saa kumi na mbili," Dorkas akamjibu. "Labda ulipandishe lori lako ukaifuate."

Akangoja. Akapewa chai, akapewa viazi. Saa saba skuta ikasikika ikishuka, na Rahabu akaingia uani amefunikwa na vumbi jekundu, daftari za madarasa manne mgongoni. Bwana Novatus akaizunguka skuta, akanusa.

"Mwalimu, mbona inanuka kama mtoto mchanga?"

"Andika inatembea," Rahabu akasema.

Akaandika.

Toka siku hiyo Rahabu alipunguza kipimo cha nyonyo, na kila Jumamosi ya pili ekzosi ilichomwa kwenye mafiga ya Bibi Lukia. Karatasi za mtihani zilifika mlimani, madarasa yote manne. Na oili iliporudi madukani, miaka baadaye, Rahabu alianza kuinunua kimyakimya na kuendelea kupokea chupa ya mama mkwe wake kila mavuno. Kila alipojaza tangi aliongeza tone moja la nyonyo, ili Bibi Lukia, akisimama uani, anuse. Alifanya hivyo mpaka mama huyo alipofariki mwaka themanini na nne. Mwaka huohuo aliirudisha skuta ofisini. Hakutaja sababu.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Eliaichi na ndugu zake, kwa wifi yake Dorkas, na kwa ukoo mzima wa Mbwambo. Pole pia kwa wazee wa mlimani ambao leo wanasoma wenyewe barua za wajukuu wao. Mungu ampumzishe Rahabu. Na sisi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwetu, ni nani amekaa mlangoni na ungo, analijua jibu, na hatujamuuliza?

Wiki iliyopita, baada ya mazishi, Eliaichi alifungua sanduku la spana la mama yake. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi ya daftari. Mwaka ule Bibi Lukia naye alisoma kisomo, darasa la chini, na wanafunzi walikuwa wameambiwa kila mmoja aandike sentensi mbili zake mwenyewe. Herufi ni kubwa, zimepanda na kushuka kama njia ya mlimani. Zinasomeka hivi:

Mafuta yangu yaliziba pikipiki ya mwanangu. Moto wangu uliizibua.

Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu mkali amesahihisha. Ameandika neno moja tu: Kweli.