Tuulikki Vaarala, Mwamshaji wa Mikono

Tarehe 30 Aprili Tuulikki Vaarala anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafanyisha watu mazoezi ya viungo katika kituo chetu cha afya hapa Laplandi. Ukimsikia anavyowafokea wagonjwa utadhani ni kocha wa mpira. Wenyewe wanampenda hivyo hivyo.

Alipoanza kazi, wengi walimjia na maumivu ya mgongo. Pikipiki za theluji zilipozidi mbio, ikawa mabega. Mtu anarushwa, bega linatangulia chini, neva zitokazo shingoni zinachanika, mkono unaning'inia kama soksi iliyolowa. Wengine walianzia sauna, chumba cha mvuke wa moto, wakatufikia wiki nzima baadaye. Tuulikki akazunguka shuleni na kwenye mikutano ya wafugaji na hubiri lake moja: "Mkono ukifa ganzi, njoo leo leo. Sauna haiungi neva!"

Kati ya waliopita mikononi mwake ni Niila Vuolab, mfugaji wa kulungu wa nchi za baridi, ambaye pikipiki yake iligonga kisiki kilichofukiwa na theluji. Madaktari walitoa neva mguuni wakaziunga begani, wakamwambia asubiri, huenda mwaka, huenda zaidi. Miezi ikapita, mkono kimya. Niila akaacha kuja. Tuulikki akamfuata nyumbani.

"Mama, mkono huu umekufa. Niache."

"Sikuja mazishini, nimekuja kunywa kahawa. Chemsha, halafu tufanye mazoezi."

"Na nikikataa?"

"Nalala hapa hapa. Na nakoroma, muulize mume wangu."

Niila akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Akarudi mazoezini. Majira ya baridi yaliyofuata, Tuulikki akiwa ameushika msuli wa mkono ule, alihisi kitu kikicheza chini ya vidole vyake. Akapiga ukelele, sote tukakimbilia chumbani tukidhani mtu kaanguka.

"Rudia!" alimwambia Niila.

Akarudia. Walilia wote wawili, ingawa Tuulikki anashikilia kwamba yalikuwa mafua.

Vidole vya Niila bado ni dhaifu, na baridi ikikaza mkono humuuma. Lakini kiwiko kinakunjika, amerudi kwa kulungu wake, na humpakata binti yake mchanga kwa mkono huo huo.

Ahsante, Tuulikki, kwa kutokubali kufukuzwa. Tunasikia umejinunulia pikipiki ya theluji. Tunakuombea afya na miaka mingi ya furaha, ila endesha polepole, dada: mwamshaji wetu wa mikono ndiyo kwanza anastaafu.