Mama Usishuke

"Bibi, mbona neno moja umelirudia kila ukurasa? Kwani wanaosoma ni viziwi?"

Mjukuu wake wa mwisho, anayewasomea wasifu huu, alimuuliza hivyo akiwa na miaka minane. Bibi alicheka. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" akasema, akaendelea kuandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, kifungua mimba wa fundi viatu na mshonaji. Shuleni alipenda kemia. Nyumbani alimfundisha mdogo wake hesabu za sehemu kwa chungwa, kisha kwa kamba, kisha kwa chungwa tena. Mdogo wake huyo, aliyekaa hapa mbele, bado analalamika: "Dada hakuachi mpaka uelewe, na ukishaelewa anakueleza tena!"

Mwaka 1971, alipomaliza chuo cha ufundi, aliajiriwa na kiwanda cha ngozi kuandika maelekezo ya kazi. Nyuma ya kiwanda kuna shimo la majitaka, na ndani yake hewa inayonuka mayai viza. Hewa hiyo ina hila. Ikizidi, pua hufa ganzi, mtu akadhani imeondoka. Kumbe ndiyo kwanza imemshika.

Mwaka 1973 aliolewa na fundi pampu wa kiwanda hicho, mtu wa mizaha aliyemwita "Mwalimu" hata sokoni. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 1982, mfanyakazi mwenzake alianguka shimoni. Fundi huyo, babu yetu, akashuka kumtoa. Hakutoka hata mmoja. Mama yetu, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka minne.

Tangu hapo, kila ukurasa wa maelekezo ulibeba onyo: mwenzako akianguka shimoni, usishuke, kaite wenye mitungi ya hewa. Mara aliliandika kama amri, mara kama kisa, mara kama swali. Vijana wakambandika jina Mama Usishuke. Meneja mpya akamwambia, "Mama, umekuwa kanda iliyokwama. Tupunguze kidogo."

"Anza kupunguza jina langu," akajibu.

Alistaafu mwaka 2009, lakini aliendelea kuyapitia maelekezo yale mezani kwake nyumbani. Mwaka 2019 kijana mmoja wa pampu alimwona kaka yake amelala shimoni kama gunia. Leo wote wawili wako hapa. Kijana anasimulia: "Mguu ulishakanyaga ngazi. Harufu hakuna kabisa. Nikamsikia yule mama ananikera masikioni, usishuke, usishuke. Nikakimbia kuita watu wa mitungi, huku namtukana kimoyomoyo."

Shimo lile bado lipo. Bado linafunguliwa kila Jumatatu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki hospitalini mchana wa tarehe 2 Februari 2025. Ameacha binti, mdogo wake na wajukuu watatu. Leo tunamshusha mtu aliyetumia maisha yake kutukataza kushuka. Udongo umpokee kwa upole.

Wiki yake ya mwisho, mjukuu alimuuliza tena swali lile la zamani. Bibi aliinua macho darini.

"Onyo lile lilikuwepo kabla babu yako hajafa," akasema. "Alilisoma, tena akanisifu. Kichwa chake kilielewa, mjukuu wangu. Miguu haikusikia. Nilikuwa nimeliandika mara moja tu."