Simu Kwenye Chekeche

Tangu basi litoke Maganzo, Scolastika alijitia kusinzia, ila masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale mama mmoja mwenye tenga la nyanya alikuwa akimlalamikia jirani yake kwamba simu huificha kabatini, akaizungushia na kitenge, na bado wanawe huifukua.

"Mayu, ukificha unawafundisha kutafuta," alisema jirani, mchimbaji wa almasi aliyekuwa akimfuata mnunuzi wake Shinyanga. "Sisi tukianza kuchambua mchanga, simu zote zinaingia ndoo moja, hadi ya bosi, macho yabaki kwenye mawe. Sheria hiyo nimeipeleka nyumbani. Wakati wa chakula simu zinakaa kwenye chekeche, yangu ikiwemo. Ukigusa yako kabla watu hawajamaliza kula, inabaki humo mpaka kesho yake jioni."

"Na watoto wanakubali?"

"Siku hizi tunapiga soga mpaka ugali unapoa."

"Hmm! Sheria za baba huwakuta watoto tu. Baba hazimwoni."

Scolastika, akimkumbuka mumewe, nusura aitikie na usingizi wake uumbuke.

Walibishana hadi Kolandoto ikapita, na gari likasimama stendi ya Shinyanga.

"Haya, mpigie mnunuzi wako umwambie umefika," mama alisema.

Mchimbaji akapapasa mifuko mitupu, akacheka. "Jana binti yangu Ritha kanikamata naichungulia, tonge liko mkononi."

Akashuka, akaweka viganja mdomoni, na stendi nzima ikageuka kumtazama.

"Masudi! Masudi weee!"